Kuzma Bin Iona: Tunaitafuta Wapi Maana ya Hadithi ya Mtu wa Kawaida?

Katika hadithi fupi moja ya Kirusi, dereva wa gari la farasi anawaambia abiria wake kwamba mwanawe amefariki wiki hiyo. Abiria mmoja anamjibu kuwa kila mtu atakufa tu, kisha anamhimiza aongeze mwendo. Jibu hilo ni la kweli tupu. Shehe hawezi kulipinga, padre hawezi kulipinga, wala mwanafalsafa yeyote. Lakini hebu jiulize, msomaji wangu: jibu hilo lilimfaa nini mzee aliyetoka kumzika mwanawe?

Nimefundisha fasihi kwa zaidi ya miaka 30, na jibu la aina hiyo hulisikia kila muhula. Nikiwauliza wanafunzi maana ya hadithi kuhusu mtu wa kawaida, hawakawii. Huniletea orodha: ufukara, utabaka, mauti, upweke. Halafu hufunga kazi kwa sentensi inayoanza na "hadithi hii inatufunza kwamba". Yote wayasemayo ni kweli, kama vile ilivyo kweli kuwa kila mtu atakufa. Na mhusika mwenyewe, yule mtu wa kawaida aliyeandikiwa hadithi, ameachwa palepale barabarani na theluji inamwangukia.

Leo nataka tuitazame hadithi hiyo ya Kirusi pamoja na historia iliyoizaa. Dai langu ni dogo. Maana ya hadithi kuhusu mtu wa kawaida huanza kuonekana tunapokubali kukaa na mambo yake madogomadogo: bei ya nauli, chakula cha farasi, nani aliulizwa nini na nani hakuulizwa. Ukiyaruka hayo ukakimbilia funzo, umefanya kama yule abiria.

Hadithi yenyewe inaitwa "Toska". Mwandishi wake ni Anton Chekhov, na ilichapishwa Januari 1886 katika Peterburgskaya Gazeta, gazeti la jiji la St. Petersburg, lililokuwa mji mkuu wa Urusi wakati huo. Zingatia hilo, mpenzi msomaji: gazetini. Haikuzaliwa katika kitabu chenye jalada gumu wala haikuandikiwa mtihani. Ilisomwa na watu wakinywa chai yao, baina ya habari za mjini na matangazo ya biashara. Chekhov hakutia hata jina lake kamili. Alitia lakabu aliyokuwa akiitumia kwa visa vya kuchekesha, A. Chekhonte. Alikuwa na umri wa miaka 26, daktari aliyehitimu mwaka 1884, na kwa miaka kadhaa alikuwa akiandikia magazeti na majarida ya vichekesho kwa malipo ya kila mstari ili kuilisha familia ya wazazi wake.

Kisa chenyewe ni hiki. Ni jioni, theluji inaanguka. Mzee Iona Potapov ameketi juu ya sleji yake, lile gari lisilo na magurudumu linaloburutwa na farasi juu ya theluji. Amejikunja, hatikisiki, amekuwa mweupe mwili mzima. Farasi wake jike naye ametulia vivyo hivyo. Walitoka kabla ya chakula cha mchana na hadi sasa hawajapata abiria hata mmoja. Mwanawe Iona amekufa wiki hiyo baada ya kulala hospitalini siku tatu, na mzee anatafuta mtu wa kumweleza.

Anapanda afisa wa jeshi. Iona anajaribu kumweleza. Afisa anauliza mwana huyo alikufa kwa ugonjwa gani, lakini kabla ya mazungumzo kukolea anaagiza safari iendelee, kisha anafumba macho. Wanapanda vijana watatu waliolewa, mmoja wao mwenye kibiongo. Wanamtukana mzee, wanampiga kofi la shingo, na huyo wa kibiongo ndiye anayetoa lile jibu la kila mtu atakufa. Iona anapogeuka ili awasimulie jinsi mwanawe alivyofariki, kijana anashusha pumzi na kushukuru Mungu kwamba wamefika. Mzee anajaribu kuzungumza na bawabu wa nyumba moja, anaambiwa asonge mbele. Anarudi mahali anapolala na madereva wenzake. Dereva mmoja kijana anaamka usiku kunywa maji. Iona anamwambia habari ya msiba. Kijana anajifunika gubigubi na kulala. Hatimaye mzee anakwenda zizini, na hapo anamsimulia farasi wake kila kitu. Farasi anatafuna, anasikiliza, anampumulia mikononi. Basi, hadithi imekwisha.

Ukimpa mwanafunzi hadithi hiyo bila historia yake, atasema ni hadithi ya mzee mwenye huzuni. Hajakosea. Ila tuichimbe kidogo ardhi aliyotoka Iona.

Mwaka 1861, mfalme wa Urusi, Alexander wa Pili, aliwaachilia huru watwana, yaani wakulima ambao hadi hapo walikuwa mali ya makabaila pamoja na mashamba waliyoyalima. Walipewa uhuru, lakini ardhi walitakiwa kuilipia. Malipo hayo ya ukombozi yalipangwa kuchukua miaka 49. Hebu tafakari: mtu anaachiliwa utumwani, kisha anapewa deni ambalo mwanawe atalirithi. Kijijini fedha taslimu zilikuwa adimu. Kwa hiyo, kila msimu wa baridi, shamba likiwa chini ya theluji, wanaume wengi walikwenda mijini kutafuta vibarua. Wengine walichukua farasi yuleyule wa kulimia, wakamfunga kwenye sleji na kuwa madereva wa kubeba abiria. Wenyeji wa mijini waliwaita kwa jina moja la dharau, "Vanka", ambalo ni kifupi cha Ivan, jina la kawaida mno Urusi. Ni kama mtu kuamua kwamba kila mchuuzi mjini anaitwa Kamau au Otieno.

Sasa rudi kwenye hadithi. Mwanzoni kabisa msimulizi anawaza kuhusu farasi: mnyama aliyeng'olewa kutoka kwenye jembe la kukokotwa na mandhari aliyoyazoea, akatupwa katika jiji lenye taa za kutisha, kelele na watu wakimbiao. Amezungumza juu ya farasi tu. Hakutaja mwaka 1861 wala deni, na kuhusu serikali hakusema lolote. Lakini msomaji wa St. Petersburg wa mwaka 1886 alijua papo hapo ni nani mwingine aliyeng'olewa shambani. Hiyo ndiyo kazi ya jambo dogo katika hadithi fupi. Neno "jembe" limebeba robo karne ya historia ya Urusi.

Chekhov hakuisoma historia hiyo vitabuni pekee. Babu yake mwenyewe alizaliwa mtwana. Mwaka 1841, miaka 20 kabla ya amri ya mfalme, alijinunulia uhuru wake na wa familia yake kwa fedha alizojiwekea. Babake Chekhov alikuwa na duka katika bandari ya Taganrog, akafilisika, na mwaka 1876 akakimbilia Moscow kuwahepa waliomdai. Anton alibaki Taganrog akiwa kijana wa shule, akijitafutia riziki. Mtu aliyeandika juu ya deni na baridi alikuwa amevijua vyote viwili.

Tutazame pia nauli. Wale vijana watatu wanampa kopeki 20 kwa safari ya watu watatu. Kopeki 100 ndizo rubli moja. Iona anajua fika kwamba bei hiyo haifai, lakini hapatani nao. Msimulizi anatuambia kwamba kwake sasa fedha nyingi au kidogo ni mamoja, mradi pawe na abiria. Usilipite hilo haraka. Huyu ni mtu aliyekuja mjini kwa sababu moja tu, nayo ni fedha. Leo anawauzia watu safari kwa bei ya hasara ili apate shingo tatu nyuma yake ambazo huenda zikamsikiliza. Nani kati yetu angeweza kuandika neno "huzuni" likawa zito kuliko kopeki hizo 20?

Naja sasa kwenye jina la hadithi, maana safu hii ni ya lugha. Neno "toska" limewasumbua wafasiri wa lugha nyingi. Waingereza wameligeuza kwa maneno zaidi ya moja, na hakuna linalotosha. Ni huzuni, ndiyo, lakini ni huzuni yenye kukosa: moyo unataka kitu au mtu, na hakipo. Kwa Kiswahili tungelifasirije?

"Huzuni" ni pana mno; hata timu ikifungwa bao tunahuzunika. "Majonzi" na "simanzi" yanakaribia, lakini aghalabu ni maneno ya waombolezaji wengi, ya matangazo ya tanzia. "Kihoro" ni kikali, ni ule uchungu wa kufiwa au kupotelewa unaoweza kumuua mtu. Iona anacho kihoro, hapana shaka. "Upweke" unaeleza kukosa watu, ila hautaji msiba. Mimi, nikilazimishwa, ningechagua "ukiwa". Kwa nini? Neno hilo tunalitumia kwa nyumba iliyohamwa na kwa mtu aliyeachwa. Nyumba yenye ukiwa bado ina kuta na paa, ila hakuna anayeitika ukibisha hodi. Ndivyo alivyo Iona. Anapita katikati ya maelfu ya watu, anapiga hodi kwa kila mmoja, na hakuna anayeitika.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu neno hilo. Karibu na mwisho, Iona mwenyewe analitumia. Hakupata siku hiyo hata fedha za kununua nafaka ya farasi, ikabidi mnyama ale nyasi kavu. Basi mzee anajisemea kwamba pengine toska yake imetokana na hilo. Anawaza kuwa mtu anayeijua kazi yake, akashiba yeye na farasi wake akashiba, daima huwa na utulivu. Jamani! Mzee anakosea kuhusu moyo wake mwenyewe. Au je, amekosea kweli? Maana kwa mkulima, mwana na nafaka na farasi ni maisha yaleyale yasiyogawanyika. Mwana ndiye angeendesha gari. Iona anasema hivyo waziwazi, kwamba mwanawe ndiye aliyekuwa dereva hasa. Baba sasa anaifanya kazi ya mwana aliyekufa, na haiwezi vizuri kama yeye. Ukosefu wa nafaka na kifo cha kijana vimeshikana. Hapo ndipo naona jinsi orodha zetu zinavyotupunja. Ukiweka "ufukara" katika hoja ya kwanza na "mauti" katika hoja ya pili, umekwisha kuvitenganisha vitu ambavyo hadithi ilivifunga pamoja.

Sasa utabaka. Wapo watakaosema hii ni hadithi ya matajiri kuwapuuza maskini. Hoja hiyo inasimama hadi unapofika kwa yule dereva kijana. Yeye ni maskini kama Iona. Wanalala mahali pamoja. Hana dharau hata kidogo. Ana kiu na usingizi. Ameambiwa habari za kifo, naye amelala. Chekhov angetaka kutuhubiria juu ya matabaka, angemfanya kijana huyo aketi na kulia na mzee, na sisi tungetoka tumeridhika kwamba wanyonge wanapendana. Hakufanya hivyo. Alituonyesha kuwa maisha ya kazi ngumu yanaweza kumnyima mtu hata nguvu za kumsikiliza mwenzake. Hilo ni shtaka zito zaidi kwa jamii ile, na limesemwa bila neno moja la kushtaki.

Na mzee alihitaji nini hasa? Hadithi inaeleza kinaganaga. Alitaka asimulie kwa utaratibu: jinsi kijana alivyougua, alivyoteseka, alichosema kabla ya kukata roho, jinsi alivyofariki. Alitaka aeleze mazishi na safari ya kwenda hospitalini kuchukua nguo za marehemu. Kijijini amebaki binti yake Anisya, na habari zake pia zilitaka kusemwa. Msikilizaji alitakiwa ashtuke, agune, alie.

Msomaji wa huku kwetu hahitaji profesa wa kumfafanulia orodha hiyo. Ni matanga hayo! Mtu akifiwa, tunakwenda kumhani. Tunaketi. Mfiwa anaulizwa ilikuwaje, anasimulia. Anaingia mgeni mwingine, anaulizwa tena, naye anasimulia tena tangu mwanzo, na hakuna anayemwambia kwamba tumekwisha kuisikia. Wageni wanaguna, wanapiga vichwa, wanasema pole. Kule kusimulia mara 20 ndiko kunakoanza kuutua mzigo. Wakulima wa Urusi nao walikuwa na maombolezo yao ya vijijini, na wanawake mahodari wa kulia kwa maneno. Iona analijua hilo; anawaza kwamba angewapata wanawake, wangelia mara moja. Jiji limempa nauli, ila limemnyima matanga. Kwa hiyo mzee anajaribu kuyapanga matanga yake mwenyewe barabarani, kila abiria akiwa mgeni wa kuhani. Wageni wote wanakataa kuingia.

Hapa sharti nitaje jambo ambalo, kwangu mimi, ndilo kitovu cha hadithi, na ambalo wasomaji wengi hulipita. Jina la marehemu ni nani? Katika hadithi nzima Iona anasema tu "mwanangu". Kwa afisa, mwanangu. Kwa walevi, mwanangu. Kwa dereva mwenzake, mwanangu. Jina linatamkwa mara ya kwanza zizini, katika maneno ya mwisho, kwa farasi: Kuzma Ionych. Warusi hutumia jina la mtu pamoja na jina la babake wanapomheshimu. "Ionych" maana yake ni mwana wa Iona. Kwa Kiswahili tungesema Kuzma bin Iona.

Tazama yaliyomo humo. Abiria hawakumwita mzee kwa jina lake hata mara moja. Walimwita dereva, walimtukana kwa jina la maradhi na la shetani. Wakulima wa aina yake waliitwa kwa jina moja tupu, au Vanka; heshima ya "bin fulani" ilikuwa ya mabwana. Mzee huyu, peke yake na mnyama gizani, anampa mwanawe heshima kamili ambayo jiji halikumpa. Na kwa kuwa "Ionych" limetoka katika jina la baba, anapomtaja marehemu anajitaja na yeye mwenyewe. Ni mara moja tu, usiku huo, ambapo jina Iona linasikika kwa sauti ya mtu. Ningesoma maelezo 10 ya maudhui ya "utu" na nisingepata kitu kinacholingana na neno hilo moja.

Je, nimembebesha Chekhov mzigo asioujua? Sidhani. Mei 1886, miezi michache baada ya "Toska", alimwandikia kakake Alexander barua akimtajia masharti ya hadithi nzuri. Miongoni mwake alitaka pasiwe na mihadhara mirefu ya kisiasa na kijamii, pawe na ukweli katika kueleza watu na vitu, ufupi wa hali ya juu, na moyo wa huruma. Mwaka 1888 alimweleza mchapishaji wake, Alexei Suvorin, kwamba kulitatua swali na kuliuliza sawasawa ni mambo mawili, na kwamba la pili ndilo wajibu wa msanii. Na Desemba 1886, katika gazeti lilelile, alichapisha "Vanka", hadithi ya mvulana wa miaka tisa anayefunzwa ushonaji viatu Moscow kwa vipigo. Mvulana anamwandikia babu yake barua ya kuomba achukuliwe, kisha anaitia katika sanduku la posta bila anwani ya maana. Mzee ana maneno asiyepata wa kuyasikiliza; mtoto ana barua isiyo na pa kufika. Na jina la mtoto huyo ni lile jina la dharau, Vanka. Mwandishi alijua alichokuwa akikifanya.

Tena alikifanya hata nje ya karatasi. Mwaka 1890, akiwa tayari na ugonjwa wa kifua kikuu uliokuja kumuua mwaka 1904, Chekhov alisafiri hadi kisiwa cha Sakhalin, mashariki kabisa mwa Urusi, kilikokuwa na wafungwa waliohamishwa huko. Alikaa miezi mitatu akiwahesabu wakazi, nyumba baada ya nyumba, na kujaza kadi zipatazo 10,000. Kila mtu aliulizwa jina, umri, alikotoka. Mtu aliyebuni dereva asiyeulizwa na yeyote alikwenda kuwauliza maelfu ya watu ambao dola ilitaka wasahaulike.

Hadithi hiyo haikubaki Urusi. Mwaka 1921 Katherine Mansfield, mwandishi aliyezaliwa New Zealand na kuishi Uingereza, alichapisha "Life of Ma Parker". Wahakiki wengi wameona ndani yake mwangwi wa "Toska", na Mansfield alikuwa mfuasi mkubwa wa Chekhov. Ma Parker ni mama mzee anayefanya usafi katika nyumba ya bwana mmoja msomi London. Amezaa watoto 13 na kuzika saba. Jana yake amemzika mjukuu wake mdogo, Lennie. Bwana yule msomi anamtakia pole ya haraka na kutumaini kwamba mazishi yalikwenda vizuri, halafu anamuuliza kuhusu kijiko kimoja cha kakao kilichotupwa na kopo lake. Kijiko cha kakao! Ni kopeki 20 zilezile, zimevuka bahari. Mwishoni mama anatafuta mahali pa kulia, na London yote haina. Hata farasi hana. Angalia tena ni nani aliyeshindwa kumsikiliza: mtu wa vitabu, mtu wa fasihi. Sisi wasomi hapo tumetajwa, tusijifanye hatukusikia.

Ndiyo maana suala hili si la Warusi wala Waingereza peke yao. Huku Kenya watoto wetu husoma hadithi fupi katika shule za upili na kutahiniwa katika karatasi ya tatu ya Kiswahili. Tumekuwa na *Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine*, tukawa na *Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine*, na kisha *Mapambazuko ya Machweo na Hadithi Nyingine*. Ni diwani zilizojaa watu wa kawaida: wakazi wa vitongoji duni, walimu waliostaafu, vijana wasio na kazi, wanawake waliodhulumiwa. Pamoja na diwani hizo huja miongozo. Mwongozo mzuri ni msaada, sina ugomvi nao. Lakini nyote mnajua kinachotendeka. Mwanafunzi anaukariri mwongozo na hadithi hajaifungua. Anajua kwamba ukurasa fulani una "maudhui ya unyakuzi wa ardhi", ila hajaketi na mzee mwenye mkahawa akamwona jitu likivimaliza vyakula vyote vya wateja. Anapata alama zake, naam. Lakini amezoezwa kwa miaka minne kumtazama mtu na kuona mada. Mwanafunzi huyo kesho ni daktari, ni karani wa ofisi ya serikali, ni askari, ni mwajiri. Raia atakapoketi mbele yake na kuanza kueleza shida yake, atakuwa amekwisha kumpachika katika hoja ya kwanza au ya pili kabla hajamaliza sentensi.

Wazee walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Fasihi ni mojawapo ya njia chache za kukilalia kitanda cha mwenzako bila kumfukuza. Basi tuitumie hivyo. Kwa walimu wenzangu napendekeza, kabla ya kuuliza "dhamira ya mwandishi ni ipi", tuanze na maswali manne mepesi. Mhusika huyu ana nini mfukoni, na amekipataje? Ni nani anayemwita kwa jina lake? Alitaka kusema nini akakatizwa? Na ni kitu gani kilitokea nchini mwake kabla ya ukurasa wa kwanza kumfikisha hapo alipo? Maudhui yatakuja yenyewe, tena yatakuja na mtu ndani yake. Mwanafunzi ataandika "ufukara" akijua maana yake ni farasi kula nyasi kavu usiku wa baridi kwa sababu nafaka haikupatikana.

Kuna watakaoniambia muda hautoshi, silabasi ni ndefu na mtihani uko mlangoni. Ninawaelewa, na ninajua mzigo walionao walimu wetu. Lakini "Toska" ina kurasa chache tu. Darasa linaweza kuisoma yote kwa sauti katika kipindi kimoja cha dakika 40, na zikabaki dakika za kukaa kimya kidogo baada ya farasi kuacha kutafuna. Afisa wa jeshi, walevi watatu, bawabu na dereva kijana wote walikosa muda huo mchache wa kumsikiliza mzee. Sisi tunao.